Nihesabie Iliyo Hai

Saa nne kasorobo asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwisho wake. Ilikuwa siku ya tatu tangu mwezi kuandama, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, limekolea, na kwetu pwani ya Kenya bamvua likikolea bahari hujiondokea kabisa, ikaacha uwanja mpana wa tope linalong'aa na vikaa visivyohesabika vikipunga gando zao. Nilikuwa nimezama hadi magotini. Daftari nimelifunga shingoni kwa kipande cha leso, na penseli nimeichomeka kwenye nywele chini ya mtandio. Kalamu ya wino haifai kitu huko. Tone moja la maji ya chumvi na ukurasa mzima unageuka rangi.

Mbele yangu alitangulia binti wa jirani, mwenye miaka 14, ameshika ufito. Kila alipofika penye mche wa mikoko aliugusa kwa ncha ya ufito na kupaza sauti. "Hai." Hatua mbili. "Hai." Hatua mbili. "Umekufa." Mimi naandika. Tuna maneno matatu tu katika kazi hii: hai, umekufa, na haupo. Hilo la tatu ndilo linaloniuma kuliko yote. Mche uliokufa bado umesimama pale. Unaweza kuukagua shina, ukaona umetafunwa na kaa au umekauka kwa chumvi, ukajifunza jambo. Usiokuwepo haukuachii hata habari.

Tulipotoka topeni, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alikuwa ameketi chini ya mkungu akibanja chaza kwa kisu kizito. Sisi sote tunamwita Nyanya.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kuna nini huko?"

Nikaanza kumpa hesabu ya miche yote tuliyopanda tangu mwaka jana. Akanikatiza kwa upole, hata kisu hakukiweka chini.

"Hiyo achana nayo. Nihesabie iliyo hai. Ile mingine nishaiona kwenye picha."

Picha aliyokuwa akiisema ilipigwa mwaka jana. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilituletea wageni kupanda mikoko nasi. Yalikuja magari matano. Fulana za kijani zilikuwa bado na mikunjo ya kutoka kwenye pakiti. Turubai lilisimamishwa, bango refu likatandazwa, na sisi wasichana tukaambiwa tutoe miche kutoka kitaluni mwetu, ile tuliyokuwa tumeilea kwa miezi, tukitoa konokono na kaa kila siku. Siku mbili kabla, Nyanya alikuwa amewaonyesha waliotangulia kukagua mahali panapofaa: ndani ya ghuba, nyuma ya mikoko mikubwa, penye tope zito. Walipatazama, wakasema hapana nafasi ya kutosha kwa wageni na kuna tope jingi mno. Mpigapicha alitaka bahari ionekane nyuma. Basi tukapelekwa upande wa mlangoni mwa ghuba, penye uwanja wa mchanga ulio wazi, ambapo kila mtoto wa kijiji anajua kwamba upepo wa kaskazi ukianza mchanga huo hauna makao.

Kupanda kulichukua kama dakika 40. Hotuba zilichukua zaidi. Kufika bamvua la tatu, sehemu kubwa ya uwanja ule ilikuwa inaitwa haupo.

Nisiwaonee wageni wote. Dada mmoja kati yao alivua viatu, akapandisha suruali, akaingia topeni nasi mpaka akaanguka, akainuka, akaendelea. Mpaka leo hunipigia simu kuuliza miche iko vipi, na huwa namwambia ukweli. Lakini yeye siye aliyechagua mahali. Na waliochagua hawajapiga simu.

Jioni ya siku ile ya kuhesabu, nikisugua tope kwenye kucha, nilimkumbuka Vanessa Nakate.

Wengi wenu mnakumbuka kisa chenyewe. Januari 2020, dada huyo wa Uganda alikuwa Davos, Uswisi, wakati wa mkutano wa matajiri na wakuu wa nchi. Alisimama kupigwa picha na wasichana wenzake wanne wanaopigania hali ya hewa: Greta Thunberg na Isabelle Axelsson wa Uswidi, Luisa Neubauer wa Ujerumani, na Loukina Tille wa Uswisi. Picha ilipotoka kwenye shirika la habari la Associated Press, walikuwa wanne. Yeye, Mwafrika pekee, aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari, alikuwa amekatwa. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye shirika liliomba radhi na picha kamili ikatolewa.

Mimi nilikuwa chuoni wakati huo. Video yake niliitazama hosteli, kitandani, kwenye simu yenye ufa katikati. Alikuwa akilia, na katikati ya machozi alikuwa anapanga maneno yake sawasawa. Aliandika kwamba hawakufuta picha tu, walifuta bara zima. Bara ambalo mchango wake kwenye hewa chafu ya dunia hii haufiki asilimia 4. Nilijifunika shuka usoni nikalia naye, kwa sababu nilikuwa najua ile nafasi ya mwisho wa mstari. Kwenye mikutano ya kijiji, wasichana husimama hapo hapo.

Jengo la nyuma liliharibu picha. Na kwetu, bahari ya nyuma iliipendezesha picha. Kule msichana akakatwa. Huku miche ikapandwa mahali pa kufia. Nimezifikiria picha hizi mbili mara nyingi, na naona aliyeshika kamera katika zote mbili hakuwa na habari na kile kilichokuwa mbele yake.

Watu wakimtaja Nakate huanzia Davos na kuishia Davos. Mimi huanzia mwaka mmoja nyuma, Januari 2019, alipotoka barabarani Kampala kwa mara ya kwanza. Alikuwa anamalizia shahada yake ya biashara Makerere, joto la jiji lilikuwa limemtia wasiwasi, akaanza kuuliza na kusoma. Waliotoka naye siku ya kwanza walikuwa wadogo zake na binamu zake, mabango yameandikwa kwa mkono, wakisimama mahali mbalimbali jijini. Fikiria ujasiri huo. Mtu amesomeshwa ili apate kazi, halafu anasimama njia panda na kipande cha karatasi huku majirani wanapita. Kwetu wangesema amerogwa.

Halafu kuna ile kazi yake ya shuleni. Mradi wake wa Vash Green Schools unaweka umeme wa jua na majiko sanifu katika shule za vijijini Uganda. Jiko linalotumia kuni chache si kitu cha kusisimua mbele ya kamera. Lakini mimi nimesoma shule ambayo mpishi wetu alikuwa na macho mekundu mwaka mzima, anayapangusa kwa ncha ya leso kila anapofunua sufuria la githeri, na kila Ijumaa wasichana, siyo wavulana, walitakiwa kuja na kuni. Najua jiko lile linamwondolea nani mzigo gani.

Nimeulizwa mara nyingi: kwa nini wasichana? Kwa nini kila ukitazama harakati hizi za hali ya hewa Afrika Mashariki, walio mbele ni mabinti? Wengine huuliza kwa heshima, wengine huuliza kama wanaotaka kusema hatuna waume wa kutushughulisha. Nitajibu kwa kisa cha nyumbani.

Shangazi yangu ameolewa Kinango, bara ya Kwale, ambako mvua hata ikiwa nzuri ni ya kubembeleza. Tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wataalamu wana majina yao ya hali hiyo. Kwa shangazi iliingia hivi: kwanza silanga, lile bwawa la maji ya mvua, lilikauka, na binti yake akawa anaamka saa kumi usiku kwenda kwa maji mbali zaidi. Kisha akawa anafika shuleni saa nne, anasinzia, anachapwa. Kisha ng'ombe wakaanza kulala na kutoamka. Kaka zake wakaendelea na shule kwa sababu karo iliyopatikana ilitosha wawili. Yeye akapelekwa Mombasa kufanya kazi za nyumbani, ana miaka 15, na mshahara wake ukawa ndio unga wa nyumba nzima. Mvua ilirudi. Binti hakurudi shule. Hakuna mahali popote ambapo jina lake limeandikwa katika hasara za ukame ule, ng'ombe walihesabiwa.

Hilda Flavia Nakabuye, naye wa Uganda, ameeleza jambo la aina hiyo hiyo hadharani. Oktoba 2019 alisimama Copenhagen mbele ya mameya wa miji mikubwa duniani akasimulia jinsi mvua kubwa na ukame vilivyoiharibia familia yake mazao, mpaka ardhi na mifugo vikauzwa, na yeye akakaa miezi mitatu bila shule kwa kukosa karo. Nilipomsikia nilimwona binamu yangu. Tofauti ni kwamba Hilda alirudi darasani, na alipopata sauti hakuinyamazisha.

Hilo ndilo jibu langu. Hali ya hewa ikiingia nyumbani huingilia mlango wa jikoni, na aliyeko jikoni ni nani? Sisi hatukusoma habari hizi gazetini ndipo tukaingiwa na huruma. Ndoo ilikuwa kichwani petu.

Novemba 2021, tarehe 1, Elizabeth Wathuti alisimama Glasgow, Uskoti, kwenye ufunguzi wa mkutano wa viongozi wa dunia kuhusu hali ya hewa. Huyu ni wetu wa Kenya, mzaliwa wa Nyeri. Aliwaambia marais kwamba wakati ule ule wao wamekaa ukumbini, Wakenya zaidi ya milioni 2 walikuwa wanakabiliwa na njaa. Kisha akafanya jambo ambalo bado linanisisimua: aliwaomba wanyamaze kidogo, kwa ajili ya mabilioni ya watu wasiokuwepo pale, ambao hadithi zao hazisikiki. Na wakanyamaza.

Nilitamani ujasiri ule miezi michache baadaye, nilipoalikwa kwenye warsha moja katika hoteli ya ufukweni. Waandaaji nao siwataji. Mada ilikuwa vijana na hali ya hewa, na nilipewa dakika tatu. Nililala nikijiandaa. Nilibeba daftari langu hili la tope, lenye hesabu za misimu miwili: aina gani ya mti imeishi wapi, mwezi gani hufa zaidi, gharama ya mche mmoja kutoka mbegu mpaka mwaka wa pili. Nilipolifungua, aliyeongoza kikao aliinama kwenye kipaza sauti akasema, kwa tabasamu, "Dada, takwimu tutaletewa na mtaalamu. Wewe tupe hadithi yako, tuguse moyo."

Nikalifunga. Nikawasimulia habari za binamu yangu. Watu wawili walifuta machozi. Baada yangu alipanda mtaalamu, akaonyesha mchoro wa ramani ambao kijiji chetu kilikuwa hakimo, na alipoulizwa fedha ziende wapi, alijibu yeye. Mimi nilikuwa nimeshaketi. Nilipewa nauli, chakula kizuri, na picha ya pamoja.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilihisi nimemuuza binamu yangu kwa makofi. Tangu hapo nimejiwekea sharti: nikialikwa kusema, nasema hesabu kwanza. Anayetaka machozi asubiri mpaka nimalize gharama za mwaka wa pili.

Kabla ya sisi sote alikuwepo Wangari Maathai, na mimi hurudi kwake ninapovunjika moyo. Watoto wa sasa wanamjua kama barabara na kama Nobeli ya 2004. Wengine wanajua alivyopinga jengo refu la Uhuru Park mwaka 1989, na alivyopigwa kichwani Karura, Januari 1999, akienda kupanda mti. Mimi napenda zaidi mambo mawili madogo ya mwanzoni. La kwanza: tarehe 5 Juni 1977, siku Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilipoanza, walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Kati ya ile saba, iliyosalia ni miwili. Mwanamke aliyekuja kusababisha mamilioni ya miti alianza na miwili kati ya saba, na hakuficha.

La pili ndilo lililonifanya nianze kubeba daftari. Kina mama wa vijijini walipoanza kuotesha miche, maafisa wa misitu waliona haiwezekani. Kupanda miti ni kazi ya wenye diploma. Wangari akawaita kina mama wale wataalamu wa misitu wasio na diploma. Na malipo yao, ambayo yalikuwa senti chache tu, yalitolewa kwa kila mche ulioishi. Siyo uliopandwa! Ulioishi. Mama alilazimika kurudi, kutazama, kunyeshea, kuzungushia miiba mbuzi wasile, kisha aje aseme: huu hapa, hai. Wathuti aliyekulia Nyeri, alikotoka Wangari, naye, tangu aanzishe shirika lake la Green Generation Initiative mwaka 2016, amefuata njia ya aina hiyo: mwanafunzi anapewa mti wake shuleni, mara nyingi wa matunda, autunze mwenyewe. Sijui kama Nyanya wangu amewahi kusikia habari za malipo yale ya Wangari. Sidhani. Lakini angeelewa mara moja.

Sasa niseme kosa letu wenyewe, maana haingekuwa haki kuwasema wageni na kujificha.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani. Tulijikusanya wasichana 11 wa kijijini, wengi shule zimefungwa kama mimi, tukaamua kupanda mikoko. Tulikuwa na ari ya ajabu. Tuliokota mbegu za mkoko chini ya miti mikubwa. Kwa asiyezijua, ni mbegu ndefu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kijani, zimeshaanza kuota zikiwa bado juu ya mama yake. Unaichomeka topeni na kazi imekwisha. Ndivyo tulivyodhani. Tulizichomeka kila mahali palipo wazi, mistari imenyooka, tukapiga picha. Ndiyo, na sisi tulipiga picha.

Upande wa bara, ambako maji hufika kwa bamvua tu na chumvi huganda juu ya ardhi, zilikauka zikawa kahawia kama viberiti vilivyoungua. Upande wa bahari zilishika, tukashangilia, kisha zikajaa vile vikombe vidogo vigumu vinavyoganda kwenye tumbo la mashua, mpaka mashina yakalemewa na kulala. Tulipoteza karibu zote.

Tulikwenda kwa Nyanya tukiwa na aibu. Hakutucheka. Alivaa leso yake ya zamani, akatupeleka kwa miguu kutoka baharini kurudi nchi kavu, akiigusa miti mmoja mmoja. Mlilana ndio unaosimama mbele, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko, wenye miguu mingi. Kisha muia. Kisha mkandaa, ambao ganda lake walitilia rangi nyavu. Nyuma kabisa mchu, unaostahimili chumvi ambayo ingeua mingine yote, na mchu huo huo unaweza ukaukuta tena mbele. Hakuyajua hayo kutoka darasani. Marehemu mumewe alikuwa mkataji. Alitaja ukubwa wa miti kwa lugha ya wakataji: fito, pau, boriti, nguzo. Zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mwanamke aliyelelewa na pesa ya kukata mikoko ndiye aliyetufundisha mikoko inataka nini. Kwa maneno yake, "Mlikuwa mnapanda mnavyotaka nyinyi. Mti haukuulizwa."

Tangu hapo tunaotesha mchu kitaluni kwa ajili ya kule nyuma penye chumvi, mkoko tunauweka kwenye tope lake, na mahali pengine hatupandi kitu kabisa. Tunafungua tu mkondo uliozibwa, maji yaingie na kutoka, mbegu zije zenyewe. Kazi hiyo ya kufungua mkondo haina hata mche wa kushika mbele ya kamera. Ni majembe, na migongo inayouma.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilitupima. Mito ilishusha udongo mwekundu kutoka bara, bara ile ile ya akina shangazi iliyokuwa imekauka na kubaki uchi bila majani. Udongo ukifunika mizizi ya kupumulia, mkoko unakosa hewa, unakufa umesimama. Wazee bado wanakumbuka mikoko ya Mwache, karibu na Mombasa, ilivyokufa hivyo baada ya El Niño ya 1997 na 1998. Tulitoka kila kupwa, wasichana na kina mama, tukaukwangua udongo kwa mikono kwenye miche midogo. Iliyokuwa na miaka mitatu ilistahimili. Midogo mingi ilikwenda. Nikaandika.

Jirani zetu wa Gazi wametuonyesha kwamba kuhesabu kunaweza kulisha. Mikoko yao ilifyekwa vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Kupanda upya kulianza 1991 pamoja na watafiti wa taasisi ya bahari. Tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, jamii inatunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa, yaani kulipwa na wanunuzi wa mbali kwa hewa chafu ambayo mikoko imeifungia, na pesa imeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Na sehemu kubwa ya kaboni hiyo haimo kwenye shina wala majani. Imelala topeni, mahali pasipopigika picha.

Moyo wangu hata hivyo haujatulia juu ya biashara hii. Mnunuzi aliye mbali analipa, kisha anaendelea kuchoma mafuta yake, na bahari inaendelea kupata joto hapa kwetu. Msichana wa Kwale asifanywe kuwa kibali cha moshi wa mtu mwingine. Lakini pia nimemwona mama akifungua bomba mita chache kutoka mlangoni kwake, binti yake akaenda shule mapema na nywele zimesukwa. Sitamwambia afunge bomba lile mpaka dunia iwe na haki. Ninachodai ni kwamba pesa inapogawanywa, mabinti wanaoingia topeni wawemo chumbani, siyo kwa kuleta chai.

Madai yetu mengine ni ya kawaida kabisa. Wafadhili walipie mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu mche hufa baada ya sherehe. Mikutano ipangwe kwa kufuata maji na kwa kufuata kazi za nyumbani, siyo saa nne asubuhi ya bamvua wakati sisi tuko baharini. Kamati za ufuo na za msitu ziwape wasichana kura. Na akina baba, jamani. Kupwa kwingine huwa usiku, na binti akitoka usiku na tochi kwenda kutazama mikoko, maneno huanza. Wawili kati ya wale 11 walikatazwa kwa sababu hiyo. Mmoja tulimrudisha baada ya Nyanya kwenda mwenyewe kwao, akakaa barazani, akanywa kahawa vikombe viwili bila kutaja kilichompeleka, na wakati wa kuaga akasema tu, "Huyu nitatoka naye mimi." Baba mtu hakuwa na la kujibu. Wa pili ameolewa Lunga Lunga, na hunitumia ujumbe kuuliza mstari wake uko vipi.

Wiki iliyopita tulirudi kuhesabu. Safari hii tulianzia kule ndani, nyuma ya mikoko mikubwa, mahali alipopachagua Nyanya na wageni wakapakataa. Tulikuwa tumepapanda wenyewe, polepole, bila turubai. Yule binti wa jirani alinitazama akanyoosha mkono. "Dada, leo wewe ita, mimi niandike." Nikampa penseli, nikachukua ufito.

Hai. Hai. Hai. Umekufa. Hai. Kuna mmoja ulikuwa umevishwa soksi ya mtoto iliyoletwa na maji; nikauvua, ukasimama. Hai. Alikuwa anaandika akiwa ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tulipofika mstari wa kumi na tano nilihisi ubaridi vifundoni. Maji yalikuwa yanarudi, kimya, yanavyorudi siku zote, yakijaza kwanza nyayo zetu za nyuma.

"Twende," nikamwambia.

"Bado mistari mitatu."

"Bamvua lijalo."

Alirarua kipande cha leso kilichofungia daftari, akakifunga kwenye kijiti, akakichomeka mwanzoni mwa mstari wa kumi na sita. Kisha akafungua daftari tena, maji yameshafika kwenye muundi, akaandika chini ya ukurasa kwa herufi kubwa: TATU BADO.